Mama Sinema na Dakika Nne za Kimya

Angeline Apondi hakujaliwa mtoto, kwa hivyo watu wa Plateau, karibu na Eldoret, hawakuwa na jina la kifungua mimba la kumwitia. Walimwita Mama Sinema. Alilizoea. Hata kwenye kadi yake ya kliniki, karani mmoja aliyekuwa na haraka aliandika hivyo hivyo, na jina liliposomwa, aliitika.

Alifika Plateau mwaka wa themanini na nne kutoka Nyakach, akiwa na mfuko mmoja na cheti cha darasa la saba, akaajiriwa kufua shuka katika hospitali ya misheni. Alizifua kwa miaka thelathini na mmoja. Ukimwuliza kazi ilikuwaje, anasema shuka zilikuwa nyingi. Siku hizi anaishi Kapsoya, mtaa wa Eldoret, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na anaanika nguo zake kwa namna inayonifanya nione haya kuanika zangu: pembe kwa pembe, zimenyooka kama zinangoja kukaguliwa.

Jina la Sinema alilipata hivi. Mwaka wa themanini na nane Padri Lambert, Mholanzi aliyesimamia misheni, alirudi kutoka likizo na mikebe minne ya bati. Ndani yake mlikuwa na sinema moja. Ilikuwa ya zamani hata wakati huo, nyeusi na nyeupe, na ilizungumza lugha ambayo hapa petu aliijua yeye peke yake. Iliitwa Kivuko. Inahusu mjane anayevusha watu mtoni kwa mashua ya kuvutwa na kamba, katika nchi ya milima na baridi. Asubuhi moja anamwona mtu amesimama ng'ambo. Hakuna mwingine anayemwona. Hata sinema yenyewe haikuonyeshi huyo mtu. Inakuonyesha uso wa mjane akitazama, basi. Kijiji kinagawanyika. Daktari anampima macho. Wakubwa wa kijiji wanakata kamba ya mashua ili mambo yaishe, na hayaishi. Mwishowe Askofu anakuja kumhoji, amepanda farasi, na watu wa Plateau walimpenda yule farasi kuliko kitu kingine chochote katika sinema ile.

Projekta ilikuja na ugonjwa wake. Picha ilitoka, sauti ilikataa. Padri akapiga taipu maneno yote kwa Kiswahili, kurasa ishirini na mbili, akatafuta mtu wa kuyasoma kwa sauti ukumbini. Kwanza alijaribiwa katekista, akasoma kama anayetangaza mazishi. Angeline alichaguliwa kwa sababu alikuwa pale. Alikuwa ameleta kitambaa cha kuonyeshea, yaani shuka mbili za hospitali alizoziunga kwa mkono. Moja ilikuwa na muhuri wa WODI YA WANAUME, wino ule usiotoka, na hakuna aliyejua kama yeye kwamba hautoki. Muhuri ukaangukia juu kushoto, mahali ambapo katika sinema ni mbinguni. Kwa hivyo kila mwaka, juu ya mto na milima na kanisa la mawe, paliandikwa Wodi ya Wanaume. Watu walizoea. Kuna mzee mmoja aliyeamini mpaka kufa kwake kwamba hilo ndilo jina la kijiji.

Ilionyeshwa kila Ijumaa Kuu saa tisa alasiri, baada ya Njia ya Msalaba, madirisha yakiwa yamezibwa kwa blanketi. Kipyego, fundi wa misheni na mwenyeji wa hapo, aliendesha mashine. Angeline alisimama kando ya shuka akiwa na tochi na kurasa zake, akasema maneno ya kila mtu: mjane, daktari, watoto, Askofu. Askofu wake alikuwa na kikohozi. Kwenye karatasi kikohozi hakimo. Mwaka wa kwanza Angeline alikuwa na mafua, na mwaka wa pili alipomsoma Askofu mzima, watu wakalalamika kwamba Askofu amebadilishwa. Akakirudisha.

Ukurasa wa kumi na nne Padri aliandika neno moja, akalipigia mistari miwili: KIMYA. Chini yake: dakika nne. Ni pale mjane anapotazama ng'ambo mara ya mwisho, kabla ya kuitwa na Askofu. Mwaka ule wa kwanza Angeline alifanya alivyoandikiwa. Alinyamaza. Baada ya nusu dakika mtoto akaanza kulia. Mwanamume mmoja akauliza kama mashine imekufa. Mwingine akamwambia Kipyego aipige kofi kidogo. Akina mama watatu wakasimama, wakaanza kujifunga leso, wakakumbuka kwamba nyumbani hawajaweka kitu jikoni.

Ndipo Angeline akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mjane wala ya Askofu: "Rudi nyumbani. Mlango haujafungwa."

Ukumbi ukatulia. Wale akina mama watatu waliokuwa wakienda nyumbani, walipoambiwa warudi nyumbani, wakaketi.

Baadaye Padri Lambert alimwita kando. "Nani alisema yale?"

"Yule wa ng'ambo, Padri."

Padri akafikiri. "Mwaka ujao," akasema, "kwa sauti zaidi."

Kuanzia hapo maneno yakakaa. Na kwa kuwa mbele kidogo Askofu anamwuliza mjane aliambiwa nini, na kwenye karatasi mjane anajibu kwamba hakuambiwa neno, Angeline alilazimika kupatengeneza napo. Mjane wake alijibu, "Alinituma nyumbani, Baba Askofu." Askofu akakohoa. Sinema ikaendelea.

Padri Lambert alirudi kwao, akafa huko. Sinema ilibaki, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuidai.

Sasa niseme juu ya Githinji, maana bila yeye jambo hili lingekuwa la kuchekesha tu.

Mzee Githinji alikuwa na duka Plateau tangu ujana wake: unga, misumari, viberiti, mafuta ya taa, dawa ya ng'ombe. Mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na nane, mambo yalipoharibika baada ya uchaguzi, duka lilichomwa, kama maduka mengine ya walioitwa wageni. Yeye, mkewe na binti yao Wangari walikaa kwenye hema miezi kadhaa, kisha wakaenda kwa ndugu Nyandarua. Mwaka uliofuata alirudi peke yake kwa siku moja kutafuta mtu wa kununua kiwanja. Hakuwa ameangalia kalenda. Ilikuwa Ijumaa Kuu, hapakuwa na ofisi iliyo wazi, mvua ilimkuta barabarani, akaingia ukumbini kujikinga. Akakaa benchi la mbele, ambalo kila mwaka hubaki tupu kwa sababu ukikaa pale shingo inauma.

Wiki mbili baadaye alirudi na mabati.

Alimsimulia Angeline habari hii mara moja tu, dukani, akimfungia sabuni. "Nilikuja kuuza," alisema. "Nikaambiwa nirudi nyumbani, mlango haujafungwa. Nikarudi." Kisha akamwuliza kama anataka sabuni ya kipande au ya mche mzima.

Angeline aliniambia kwamba tangu siku hiyo hakuthubutu kubadilisha hata neno moja. Mwaka mmoja alikosa sauti kabisa kwa sababu ya koo, akayanong'ona, na Githinji akaonekana akisogeza benchi mbele.

Mwaka huu ninaousimulia, wa elfu mbili ishirini na nne, mambo mawili yalikutana. La kwanza: mke wa Githinji alikuwa ameshafariki, na Wangari, ambaye ni muuguzi Thika, alitaka baba yake ahamie kwake. Mnunuzi wa duka alikuwa amepatikana. Githinji hakukataa wala hakukubali. Alimwambia kila aliyeuliza, na hata wasiouliza, kwamba ataamua Ijumaa Kuu. "Nitaenda nisikie," alisema. "Yakiniambia nikae, nitakaa. Yakinipita, naenda zangu Thika."

La pili: mwezi wa Januari taa ya projekta iliungua. Kipyego alizunguka Eldoret, akatuma watu Nairobi, akarudi kwa kamati ya parokia na taarifa yake. "Mashine imekufa," alisema. "Nimezungumza nayo sana."

Mwenyekiti wa kamati ya mawasiliano ni Ciku, mwalimu wa kompyuta, msichana mwenye bidii kuliko starehe. Katika siku mbili aliipata Kivuko kwenye mtandao, imesafishwa na watu wa huko ilikotengenezwa, ina sauti yake, na maandishi ya Kiingereza chini. Akanijia nyumbani na flashi.

"Madam, wewe si unafundisha Kiswahili koleji? Tuwekee maandishi ya Kiswahili hapo chini. Mama Sinema apumzike sasa. Amesimama miaka thelathini na sita, magoti yake si ya kuazima."

Nilikubali. Nilikaa nayo jioni tatu. Sikuwahi kusikia maji ya ule mto. Sikuwahi kujua kwamba mjane ana sauti nzito, wala kwamba ile mashua inalia kwa kila mvuto wa kamba. Nilipofika zile dakika nne, nilinyoosha mikono tayari kuandika, na hapakuja kitu. Palikuwa na upepo na maji. Nilirudisha nyuma mara mbili nikidhani nimeruka mahali. Kisha Askofu akauliza, na mjane akajibu: Hakuniambia neno.

Nilienda kwa Angeline asubuhi yake. Alikuwa anakunja foronya.

"Mama, pale hasemi kitu."

"Nani?"

"Yule wa ng'ambo. Na kwa Askofu mjane anasema hakuambiwa neno."

"Najua," akasema. "Kunywa chai, inapoa."

Nilikunywa. Akanionyesha karatasi za Padri, zimegeuka rangi kama majani makavu, na lile neno lenye mistari miwili. Akanieleza yote niliyoyasimulia hapo juu, bila haraka, huku akikunja. Alipofika kwa Githinji, alisimamisha kukunja.

"Huyo mtu alijenga upya duka juu ya maneno yangu," alisema. "Alimrudisha mkewe hapa. Mkewe amezikwa hapa. Sasa Ijumaa Kuu anataka kuyasikia tena ndipo aamue, na wewe na Ciku mtamletea upepo."

"Ninaweza kuyaandika," nilisema. "Maandishi ni yangu. Ciku hatajua, hakuna atakayejua. Naandika tu, Rudi nyumbani, mlango haujafungwa."

Alifikiri kwa muda wa foronya mbili.

"Usiandike. Nikisema mimi, watu wanaona mdomo wangu. Ukiandika wewe, itakuwa sinema ndiyo imesema. Huo ni uongo mwingine mkubwa kuliko huu."

"Basi mwambie mwenyewe, kabla ya Ijumaa."

"Nitamwambia."

Zilibaki wiki tatu. Alipanda gari kwenda Plateau Jumanne ya kwanza. Alimkuta Githinji na wateja wanne na fundi wa mizani. Alisimama kwenye foleni, zamu yake ikafika, Githinji akauliza, "Nikupe nini, Mama?" na Angeline, ambaye alikuwa amejiandaa kwa sentensi nzima, akasema, "Kiberiti."

Alirudi Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Safari hii palikuwa tupu. Githinji alimpa kigoda, akamweleza habari za Thika: jinsi joto la huko linavyoingia mpaka kwenye maji ya kunywa, jinsi wajukuu wake wanavyomsalimia kwa Kiingereza, jinsi nyumba ya Wangari ilivyo na choo ndani na mtu hana sababu yoyote ya kutoka nje. Alizungumza kama mtu anayepima kitu mkononi. Angeline alifungua kinywa mara mbili. Aliondoka na viberiti viwili.

Safari ya tatu nilimpeleka mwenyewe kwa gari langu, ili asipate sababu. Nilisimama mlangoni.

"Mama Sinema, kiberiti tena?" Githinji alisema. "Unachoma nini huko Kapsoya? Niambie mapema nijitenge."

"Baba Wangari, nina jambo kuhusu ile sinema."

"Usiniambie. Nitaona siku yenyewe."

"Umeiona mara kumi na tano."

"Kumi na tatu. Korona iliniibia mbili."

"Kuna mahali ambapo si—"

"Mama," akasema, akiinua kiganja. "Mtu hasimuliwi mwisho."

Angeline akanitazama. Mimi nikatazama misumari. Alilipia pakiti nzima ya viberiti, ile ya dazeni, na njiani kurudi aliishika mapajani kama mtu aliyebeba mayai.

"Nimejaribu," akasema tulipofika Kapsoya.

Kujaribu kwake kulikuwa kunaonekana juu ya kabati la jikoni, viberiti kumi na vitano, vimepangwa.

Ijumaa Kuu mvua ilinyesha. Ciku alikuwa amekodi kitambaa cheupe kipya na spika mbili. Kabla ya sinema kuanza alimwita Angeline mbele, akampa cheti cha shukrani chenye fremu na kioo, watu wakapiga makofi, akaketishwa safu ya tatu kwenye kiti cha plastiki chenye mikono. Alikaa na cheti mapajani, kikitazama juu. Kurasa za Padri zilikuwa ndani ya mkoba wake. Sijui alizileta za nini.

Githinji alikuwa benchi la mbele, peke yake, amevaa koti la mazishi ya mkewe.

Picha ilipotokea, ukumbi ukaguna. Milima ilikuwa myeupe, majani yalihesabika, na mbingu ilikuwa tupu.

"Wodi imeenda wapi?" mtu akauliza.

"Wamefunga," akajibiwa.

Kisha watu wa kwenye picha wakaanza kuongea, na wazee wakashtuka.

"Hiyo ni lugha gani sasa?"

"Si ndiyo ya Padri Lambert."

"Kumbe miaka yote hii walikuwa wanaongea namna hiyo?"

"Nyamazeni, tunasoma!"

"Wewe unasoma. Mimi miwani nimeacha nyumbani, sikujua sinema siku hizi ni ya kusoma."

Maandishi yangu yalipita chini, mengine upesi kuliko macho ya pale. Nusu ya ukumbi iliwasomea nusu nyingine kwa kunong'ona, kila mmoja kwa mwendo wake, na daktari akampima mjane macho katikati ya kelele kama za soko. Kamba ilikatwa. Mashua ikaenda na maji. Hapo watu walitulia, kama kila mwaka. Kisha mjane akashuka mpaka ukingoni, akainua uso, akatazama ng'ambo.

Upepo. Maji.

Nilikuwa nimekaa safu moja na Angeline na niliona mikono yake ikishika fremu ya cheti. Nusu dakika ikapita. Watu wakaanza kugeuza shingo, kwanza wa karibu, kisha wa mbali, wakimtazama yeye na si picha. Mtoto hakulia. Hakuna aliyesimama. Ilikuwa dakika nzima sasa, na uso wa mjane ulikuwa mkubwa na mweupe kwenye kitambaa cha kukodi, na chini yake sikuwa nimeandika kitu.

Githinji hakugeuka. Alisema mbele tu, kama anayezungumza na mjane:

"Mama Angeline, umelala?"

"Sijalala."

"Basi?"

Angeline alisimama. Cheti kilimzuia, akanipa.

"Baba Wangari," alisema, "hapo hapana maneno. Hayakuwahi kuwapo. Padri aliandika kimya. Yale niliyatia mimi. Nilikuja dukani kukwambia, nikanunua viberiti."

Ciku alinyoosha mkono kusimamisha sinema. Kipyego, ambaye alikuwa ameketi karibu na kompyuta kana kwamba bado ni mashine yake, akamwekea kiganja juu ya mkono. "Wacha iende."

Githinji sasa aligeuka. "Mama, mimi hukaa hapa mbele. Ile mashine ilikuwa bubu. Ulikuwa unasimama pale na tochi, hatua mbili kutoka kwangu, mpaka mate yako yalinifikia ukifika kwa Askofu. Ulidhani nilifikiri ni nani anayezungumza?"

Mtu akacheka nyuma, akajizuia.

"Nilidhani unaamini ni yule wa ng'ambo," Angeline akasema.

"Yule wa ng'ambo ana kiwanja hapa?"

Angeline akakumbatia mkoba wake.

"Akija malaika akaniambia nirudi Plateau," Githinji aliendelea, "namwambia asante, lakini wewe hukai Plateau. Wewe ulikuwa unakaa. Mwaka ule uliposema yale maneno, niligeuka, kama nilivyogeuka sasa. Sikukuangalia wewe. Nilikuangalieni ninyi wote. Nilitaka kuona nani atacheka, nani atatoka, nani atamnyamazisha huyu mama. Hakuna aliyetoka. Kipyego alikuwa hapo nyuma na mashine. Angetaka, angeizima."

Kipyego alijikuna kidevu. "Waya ulikuwa umelegea," alisema. "Ilibidi niushike kwa mkono mpaka mwisho."

Safari hii hakuna aliyetazama picha wala Angeline. Walitazama magoti yao, wale wa umri wa kukumbuka.

Ni Kipyego tena aliyesema, "Mama, sema basi. Dakika zinaisha."

Angeline akageukia kitambaa, kama alivyosimama miaka yote, ubavu kwa watu. Hakuwa na tochi. Alisema, si kwa sauti kubwa:

"Rudi nyumbani. Mlango haujafungwa."

Mjane akashusha macho. Sekunde kumi baadaye farasi wa Askofu akaingia, na watoto wakampigia makofi.

Askofu akauliza. Maandishi yangu yakatokea: Alikuambia nini? Kisha jibu: Hakuniambia neno.

Ukumbi ulisoma, ukawasomea wasio na miwani, ukafikiri.

"Anamficha," mama mmoja akasema.

"Sasa angemwambia vipi, na yule ni Askofu?"

"Ningekuwa mimi pia ningekataa."

"Na kikohozi chake kimepona," akasema mzee aliyeacha miwani.

Wakaendelea kutazama, wameridhika. Ciku alinitazama kwa mbali kama anayetaka nimweleze. Sikuweza kumsaidia. Nilikuwa nimeshika cheti.

Baada ya sinema mvua iliwazuia watu kwenye veranda. Githinji alikuja akasimama karibu na Angeline, wakatazama maji yakishuka kwenye mabati. Nilikuwa upande wa pili wa nguzo, sikuwa na pa kwenda.

"Yale maneno," Githinji akasema, "uliyatoa wapi?"

"Nilikuwa najaza dakika."

"Miaka thelathini na sita?"

"Sinema ni moja."

Githinji akangoja. Dukani amejifunza kungoja. Wateja wengi husema wanachotaka wakiwa mlangoni wanaondoka.

"Kwetu," Angeline akasema, "mke akiondoka kwa hasira, watu wa mume humfuata. Wanatuma mtu mzima, anakuja, anakaa, anazungumza, wewe unakataa kidogo, halafu unarudi naye. Mimi niliondoka kwa Ondiek baada ya miaka sita, hakuna mtoto, na mama yake alikuwa amemletea mwingine. Niliondoka Jumanne. Nilimwachia shangazi yake habari kwamba niko Plateau, hospitali, upande wa kufulia, ili atakayetumwa asipotee. Kila mtu mzima aliyepita pale getini nilimtazama. Miaka minne. Halafu Padri akaleta sinema, nikaona huyo mwanamke anatazama ng'ambo, na karatasi haina kitu. Nikasema ambayo angesema, kama angekuja."

"Hakuja."

"Hakuja."

Githinji akavua kofia, akaipiga pajani kuondoa maji, akaivaa. "Kwa hivyo wewe umewaambia watu wote hawa, na hakuna aliyekuambia."

"Nani angeniambia?"

"Basi mimi nakuambia. Rudi nyumbani, Mama. Mlango haujafungwa."

"Wewe si mtu wa Nyakach."

"Na wewe si mtu wa mbinguni," Githinji akasema. "Nilirudi, sikurudi?"

Jumatatu ya Pasaka Wangari alikuja na pikapu kumchukua baba yake. Alimkuta anapaka rangi rafu. Walizungumza nyuma ya duka, sikusikia walichosema, lakini pikapu ilirudi Thika na viazi.

Angeline alikwenda Nyakach wiki mbili baadaye. Alibeba mfuko mmoja na viberiti vyote kumi na vitano, kwa kuwa mtu haendi mikono mitupu. Alikaa siku nne. Aliporudi nilimwuliza palikuwaje, akasema shuka zilikuwa chache, akaingia ndani kuosha miguu.

Yaliyobaki niliyasikia dukani kwa Githinji, mwezi uliofuata, nilipompeleka Angeline kuwatembelea wenzake wa zamani wa kufulia.

"Nikupe nini, Mama?"

"Kiberiti."

"Tena?"

"Nimeishiwa."

Githinji akakiweka juu ya meza, lakini hakuondoa kidole. "Na mlango? Ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa na kufuli," Angeline akasema. "Kufuli kubwa, la kutu. Ondiek alikufa miaka sita iliyopita, hilo nilishalisikia. Ndani wameweka mahindi."

"Halafu?"

"Shemeji alitafuta ufunguo. Akakosa. Akamtuma mkewe kwa jirani, ukakosekana. Wakakaa wakashauriana, mimi nimesimama uani na mfuko."

"Halafu?"

"Wakavunja," Angeline akasema, akachukua kiberiti chake.